Wenza wa Samaki Wapole

Mume wangu ni fundi wa kufuli na vitasa, na mtaani wanamwita Kufuli tangu kabla hatujaoana. Wao wanadhani ni kwa ajili ya kazi. Mimi niliyeishi naye najua ni kwa ajili ya moyo. Kutwa anawafungulia watu milango, lakini hajapata kumwamini mtu aliyesimama upande wa pili wa mlango wowote. Nilipokubali kuolewa naye hakushukuru wala hakutabasamu. Aliuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia akiuliza tena nitabadili nia.

Si mtu mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Hajawahi kunitolea neno chafu, na mkono wake haujapanda juu yangu hata siku moja. Ila anashuku. Akinunua mkate anaupindua kwanza atazame chini. Mtu akimsalimu kwa bashasha iliyozidi kawaida kidogo, anarudi nyumbani kimya, anakaa, anavua viatu, halafu anauliza, "Yule anataka nini kwangu?" Watoto wetu walipokuwa wadogo wakimpelekea chai bila kuagizwa, aliwauliza wamevunja nini. Na mara nyingi walikuwa wamevunja kitu kweli, jambo ambalo lilizidi kumharibu.

Sasa watoto wamekua, wamekwenda kwao, na yeye akabaki na mimi tu wa kushuku. Nadhani alichoka. Ndipo akapata samaki.

Aliitwa na mama mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Kitasa cha duka lake kilikuwa kimekwama na yeye yuko nje, samaki wako ndani wanasubiri chakula. Kufuli akafungua, akaingia kuangalia upande wa ndani wa kitasa, akakuta matangi ya kioo yamepangwa ukuta mzima. Katika tangi moja aliona samaki wa rangi ya chai yenye maziwa mengi, na ubavuni mwake kuna alama nyeusi, mviringo juu na mkia chini. Tundu la ufunguo. Aliniambia baadaye kwamba alidhani macho yamechoka, akayafikicha, akatazama tena, na tundu bado lipo.

Yule mama akamweleza kwamba samaki hao wanatoka kwenye mito ya Amerika ya Kusini, na kwamba ni ukoo mmoja na hawa sato na perege tunaowakaanga. "Ukoo wao una vichwa vigumu," alisema, "wengi wanapigana mpaka wanang'oana mapezi. Hawa ndio wapole wa ukoo. Wapole mno, mpaka ni waoga." Mume wangu aliposikia kwamba kuna kiumbe duniani kilichozaliwa na tundu la ufunguo na bado kinawaogopa watu, alipenda papo hapo. Hakutaka malipo. Alitaka wale samaki, dume na jike.

Tangi likaja, likawekwa sebuleni kati ya kochi na cherehani yangu. Nililalamika, sikusikilizwa. Akalitia mchanga laini, mawe bapa, na kipande cha mti chenye mapango. Chujio la maji lilinguruma mchana na usiku mpaka likawa sauti ya nyumba. Samaki wenyewe hawakuonekana. Walijibanza nyuma ya mti, wamegeuka rangi, weusi weusi kama ubao uliolowa, na ile alama ya ubavuni imepotelea humo humo. Mume wangu alikuwa akiwamulika kwa tochi ili ahakikishe wapo.

Siku moja niko jikoni, nikamsikia sebuleni anaongea na simu kwa sauti ya chini. Kwa kuwa kuishi na mtu anayeshuku kunaambukiza, nikatega sikio. "Ndiyo, mama," alikuwa akisema. "Nataka nimtafutie mwenza. Awe mpole. Asiwe mkubwa kuliko huyu niliye naye, maana huyu ni mwoga, akibanwa anajificha. Na asiwe mwenye kuuma." Nikatoka na mwiko mkononi, mchuzi unanidondokea kwenye kanga. Nikamuuliza, "Mwoga nani?" Akautazama mwiko, akanitazama mimi, akasema, "Samaki." Nilimpokonya simu nikazungumza na yule mama mwenyewe, naye alicheka mpaka akakohoa.

Kumbe kumpata mwenza wa kukaa tangi moja na samaki wapole ni kazi kubwa kuliko kumpata wa binadamu. Yule mama alimpa somo refu, na mume wangu, kama kawaida yake, alishika upande wa hatari tu. Kuna samaki wenye milia wanaonyofoa mapezi ya wenzao. Kuna wale wanaouzwa wakiwa wadogo kwa jina la wasafishaji, wanaramba kioo kwa adabu, wakikua wanageuka kuramba mbavu za wenzao mpaka ngozi inatoka. Kuna ndugu wa ukoo ule ule kutoka maji mengine, wakali, ambao wakiingia tangini wanajitangazia umiliki wa kila jiwe. Haya yote aliyakumbuka neno kwa neno. Maneno mengine aliyoambiwa, kwamba waoga hawa hawafai kukaa peke yao, yalipita sikio hili yakatokea lile.

Hata hivyo akanunua. Kwanza kundi la samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, wadogo kama kidole cha mtoto, kisha kambare vibete wenye sharubu wanaotembea chini wakichokora mchanga. Kabla ya kuruhusiwa tangini, kila mmoja alikaa mahabusu kwenye beseni bafuni. Tulioga pembeni ya mahabusu. Mume wangu alikalia kigoda akiwakodolea macho, akinung'unika, "Huyu mmoja ananyamaza sana." Nikamwambia samaki wote wananyamaza. Akasema, "Si hivi."

Lakini walipoingia, mambo yalitengenea. Wale wadogo walizunguka katikati ya maji bila wasiwasi, na haikuchukua muda wapole wakatoa pua nyuma ya mti. Halafu wakatoka kabisa. Weusi ukawatoka, wakawa na ile rangi ya chai ya maziwa, tundu la ufunguo limekaa wazi ubavuni. Mume wangu alikaa mbele ya kioo kama mtu aliyepata barua kutoka ng'ambo. Nilifurahi kumwona hivyo, na niseme kweli, nilianza kuwapenda samaki wenyewe.

Ndipo akaja mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa gerezani. Alivunja ghala la watu akiwa na wenzake, na katika hao ni yeye tu aliyekamatwa. Mume wangu hakumsamehe, na kilichomuuma zaidi ya wizi wenyewe ni namna ulivyofanyika. "Kwa nondo," alikuwa akisema, akitikisa kichwa. "Kitasa kizuri kama kile, unakipiga nondo." Muda wa kifungo ulikuwa bado haujaisha, lakini kwa kuwa tabia yake ilikuwa njema alikubaliwa kutoka gerezani chini ya uangalizi, kwa sharti kwamba ndugu amdhamini na alale kwa huyo ndugu. Mimi sikutosha, walitaka mwenye nyumba. Nililia, nikabembeleza, nikanuna, mume wangu akakubali shingo upande. Tangu hapo ofisa wa uangalizi akawa anampigia simu kila mwanzo wa mwezi. Yupo? Yupo. Analala hapo? Analala. Hakuna malalamiko?

"Bado," mume wangu alijibu.

Neno hilo moja ndilo lililomtenganisha mdogo wangu na geti la chuma la gereza, na sote watatu tulilijua. Siku mume wangu angesema yapo, mdogo wangu asingepewa nafasi ya kujitetea. Angerudishwa ndani.

Alikuja na mfuko wa plastiki na mwili uliokwisha. Alilala kochini, miguu yake ikielekea kwenye tangi. Aliamka mapema akakunja shuka kwa pembe nne zilizolingana, akaketi wima mikono magotini, akisubiri kuambiwa cha kufanya. "Dada, naomba ruhusa ninywe maji," aliniambia siku ya kwanza, na mimi nilimbeba mgongoni huyu, nikamfundisha kufunga kamba za viatu. Nilimletea jagi zima. Alipata kazi ya kuosha magari kwenye gereji ya jirani, akawa anatoka na kurudi kwa saa zile zile, hanywi, hapotei, haongei.

Na mume wangu anamtazama.

Basi samaki nao wakataga, mayai wamepanga juu ya jiwe bapa, baba na mama wakiyapepea kwa mapezi. Asubuhi moja mayai hayapo. Jiwe jeupe, safi, kama lililofutwa kwa kitambaa. Mume wangu alisimama hapo akiwa na mswaki mdomoni, akayahamisha macho kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye kochi, ambako mdogo wangu alikuwa anakunja shuka.

Lazima nimpe haki yake, hakuanza na binadamu. Alianza na kambare. Kazini kwake, kitasa kikikwama na sababu haionekani, anakifungua na kutoa pini zake moja moja, kila akitoa moja anajaribu kuzungusha, mpaka afike ile inayokwamisha. Ndivyo alivyofanya nyumbani. Akawatoa kambare, akawarudisha dukani. Samaki wakataga tena, mayai yakapotea tena. Akawatoa wale wadogo wenye mstari wa buluu, wote, akawapeleka walikotoka. Tangini wakabaki wapole wawili peke yao.

Nao wakarudi nyuma ya mti. Safari hii weusi ulikuwa mzito kuliko mwanzo. Hawakutaga tena, hata chakula walisubiri tuondoke ndipo waje kukidokoa. Na mdogo wangu akiingia sebuleni, kama kulikuwa na pezi lililochungulia, lilizama humo humo mtini.

"Umeona?" mume wangu aliniambia chumbani. "Umeona wanavyobadilika rangi akiingia?"

"Wanabadilika ukiingia hata wewe."

"Mimi wananijua." Akakaa kitandani akisugua magoti. "Mama watoto, kiumbe hakibadiliki rangi bure. Nimewatoa wote. Imebaki pini moja."

Nilimkaripia. Nikamwambia ana roho ya kutu. Lakini shaka ni kitu cha ajabu, ukiishi nayo nyumba moja inakupaka. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti mbele ya tangi, kiganja kimeegemea kioo, anasema jambo kwa sauti ya chini. Aliponisikia akainuka haraka. Sikumuuliza. Niliweka vitu jikoni, nikarudi, nikachukua pochi yangu iliyokuwa juu ya cherehani miaka nenda miaka rudi, nikaipeleka chumbani.

Mdogo wangu aliona nilichofanya. Kesho yake alifua suruali zake na kuzianika, zote mifuko imegeuzwa nje. Niliitazama ile mifuko myeupe ikipigwa upepo kambani, na haya niliyoiona siku hiyo sijui niieleze vipi. Nilirudisha pochi kwenye cherehani. Hakuipiga hata jicho.

Mwisho wa mwezi ukafika. Tulikuwa mezani kwa chakula cha jioni, mdogo wangu ameketi ukingoni mwa kiti kama kawaida yake. Mume wangu aliweka kijiko chini.

"Kesho yule ofisa anapiga simu," alisema. "Nitamwambia ukweli."

"Ukweli gani?" nikamuuliza.

"Kwamba siwezi kumdhamini mtu ambaye hata samaki wamemkataa. Simwiti mwizi. Nasema tu sijui anafanya nini humu ndani tukiwa tumelala."

Nilitaka kumrushia sahani. Mdogo wangu akaniwekea mkono, akamgeukia.

"Shemeji, nikuulize kitu. Wale wadogo wenye mstari, uliwapeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe. Kwani vipi?"

"Warudishe."

"Unataka kunifundisha samaki?"

"Samaki mimi siwajui," mdogo wangu alisema. "Nakijua chumba. Kule ndani tulikuwa wengi chumba kimoja. Sasa wakianza kutolewa, leo huyu, kesho yule, na hakuna anayesema wamekwenda wapi, waliobaki hawasogelei mlango tena. Chakula wanakula wamegeukia ukutani. Hakuna aliyewagusa, shemeji. Kila mmoja anawaza tu ni zamu ya nani. Ile siku dada alinikuta pale, nilikuwa nawaambia watulie, wenzao watarudi. Upuuzi tu."

Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Mume wangu akaligeukia tangi. Nilidhani limemwingia. Halafu akauliza, "Na kwa nini hukusema mapema?"

Mdogo wangu akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akaondoa vyombo mezani akaenda kuviosha.

Asubuhi kochi lilikuwa tupu. Shuka imekunjwa pembe nne, mfuko wa plastiki haupo. Nilidhani amewahi gereji. Kumbe alikwenda mwenyewe ofisini kwa yule ofisa wa uangalizi kabla simu haijapigwa. Ofisa alipopiga, mume wangu aliweka sauti kubwa ili nisikie. "Mtu wako yuko hapa na mfuko wake. Anasema kwenu hamna nafasi na hataki kumletea dada yake matatizo. Ni kweli hamna nafasi?"

Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Ofisa alisubiri, kisha akasema, "Basi atakaa ndani mpaka tuone." Simu ikakatika.

Niliona giza. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, kisha nikaacha kumwambia chochote. Nilipika, nikapakua sahani moja. Alijitengenezea chai yake mwenyewe, akainywa bila sukari kwa kuwa hajui sukari inakaa wapi, na aliona aibu kuuliza.

Akawa anashinda mbele ya tangi. Najua alikuwa akingoja nini. Alingoja samaki watoke, weupe, waje kumwambia alikuwa sahihi. Pini ya mwisho imetoka, kitasa kizunguke. Siku zikapita na kitasa hakikuzunguka. Sebule ilikuwa tulivu, kochi tupu, na wale wapole walikuwa weusi kuliko walivyopata kuwa, wamejibana pembeni kabisa mwa mti, wamegusana mbavu. Akamulika tochi, wakajipigiza kwenye kioo. Akaizima.

Mimi nikaenda kwa mama wa samaki. Nilimweleza yote, hata ya gerezani, maana nilikuwa sina mtu mwingine wa kumweleza. Alisikiliza huku akichota chakula kwa ncha ya kijiko. Akaniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nilikubali watolewe wale wadogo. "Mumeo alinirudishia akasema wana tabia ya kuchunguza," aliniambia. "Nilimweleza tangu mwanzo. Hawa wapole hawatoki mpaka waone wadogo wanatembea nje na hawaliwi. Wale ndio wanaowapa moyo. Ukiwatoa, unakuwa umewaambia kuna adui."

La pili aliuliza nani anawamulika. Nikasema ni mume wangu, kwa tochi. "Wazazi wapya wakitishwa wanakula mayai yao wenyewe," alisema. "Wala usitafute mwizi."

Nilirudi na mfuko wa maji uliojaa wale wadogo. Mume wangu akainuka, akasema, "Waanze kwenye beseni."

"Beseni leo nafulia," nilimjibu. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu ile simu. Nikauacha mfuko uelee juu ya maji mpaka joto likalingana, nikaufungua. Wadogo wakamwagika tangini, wakakaa kikundi, wakageuka kulia, wakageuka kushoto, wakaanza kuzurura kama watu waliotoka kazini. Nilikaa kwenye cherehani nikashona. Yeye alikaa kochini, mahali pa mdogo wangu.

Hawakutoka siku hiyo. Kesho yake mchana, nikiwa napitisha uzi sindanoni, nikamsikia akivuta pumzi. Jike alikuwa mbele ya mti. Dume akafuata. Walisogea polepole katikati ya wale wadogo, na weusi ukawa unawatoka huku tunatazama, mpaka alama zao zikasimama wazi. Mume wangu alisogea karibu, nao hawakukimbia. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa pabaya. Hakusema kwamba amekosa, hilo ni neno ambalo halijapata kupita kinywani mwake. Alisimama, akavaa koti, akauchukua mfuko wake wa kazi kwa mazoea tu, kama mwingine anavyochukua kofia.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumfuata."

Nikatupa nguo niliyokuwa nashona, nikaenda naye.

Pale getini palikuwa na mlinzi, akatuambia tungoje. Kungoja tulingoja. Sasa mume wangu na mlango uliofungwa hawawezi kukaa pamoja kwa amani. Nilimwona anasogea, anainama, anachungulia kitasa cha geti la gereza. Kabla sijamvuta koti, mlinzi amekwisha fika.

"Mzee, unatafuta nini hapo?"

"Kitasa chenu kimechakaa," mume wangu alisema kwa wema kabisa. "Hiki mtu anakifungua kwa waya."

Mlinzi akamtaka afungue mfuko. Vikatoka juu ya meza: funguo zisizo na idadi, vyuma vyembamba vya kuchokonolea, waya wa kila unene, patasi ndogo, tochi. Akaitwa mlinzi wa pili. Tukawekwa kwenye benchi. Mume wangu akasema yeye ni fundi, wakasema kila anayekamatwa na vitu hivi ni fundi. Nikasema ni mume wangu, nimekuja naye, wakasema na mimi nitulie, zamu yangu inakuja. Akasema amekuja kumchukua shemeji yake aliyeko ndani. Walipouliza shemeji huyo alifungwa kwa kosa gani, tukatazamana, akajibu kwa sauti ndogo, "Kuvunja ghala." Mlinzi wa pili akavuta kiti, akakaa kabisa.

Nilikuwa sijapata kumwona mume wangu akishukiwa. Alikuwa amekaa mikono magotini, wima, jasho linamtoka kipajini, akiyatazama macho ya wale watu yakimpanda na kumshuka. Alikuwa akisema kweli tupu na kila alichosema kilimzidishia ubaya. Nilimwonea huruma, na pamoja na huruma nilisikia kitu kingine ambacho si kizuri sana, nacho ni kwamba nilitaka akae hapo kidogo zaidi.

Ofisa wa uangalizi akaitwa. Kumbe ni kijana mwenye miwani, sauti yake ya simu ilikuwa kubwa kuliko yeye. Uso wa mume wangu hakuujua, walikuwa hawajawahi kuonana. Akasema dawa ni moja tu, aletwe huyo shemeji.

Mdogo wangu akaletwa. Alisimama mlangoni, akaniona mimi, akaona meza iliyojaa vyuma, akamwona mume wangu benchini.

"Huyu tumemkuta anachokonoa geti," mlinzi alisema. "Anadai ni shemeji yako. Unamjua?"

Nilimtazama mume wangu na nikajua anawaza nini, kwa sababu ndicho ambacho amewaza juu ya kila mtu maisha yake yote. Aliwaza kwamba sasa atalipizwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kukanwa, na sidhani kama angelalamika.

"Namjua," mdogo wangu alisema. "Ni mume wa dada yangu. Hivyo ni vifaa vyake vya kazi. Huyu hajaiba hata sindano tangu azaliwe. Mwachieni, namdhamini mimi."

Mlinzi wa pili akacheka. "Wewe? Wewe ndiye unamdhamini yeye?"

"Kama neno langu linafaa."

Ofisa hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akamgeukia mume wangu.

"Na wewe, mzee? Umekuja kumchukua. Una uhakika naye?"

Mume wangu aliinua kichwa. Alimtazama mdogo wangu usoni, siyo mikononi.

"Sina," alisema. "Sijapata kuwa na uhakika na mtu. Andika kwamba namtaka nyumbani."

Ofisa akavaa miwani, akaandika.